Kodi, Risasi na Hesabu: Historia ya Uwajibikaji wa Polisi nchini Kenya

Askari wa kwanza waliovalishwa sare na Waingereza huko Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, waliajiriwa na mfanyabiashara. Mwajiri huyo alikuwa Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, na kazi aliyowapa ilikuwa kulinda mabohari, gati na misafara ya mizigo iliyoelekea bara. Serikali ya Uingereza ilipoitwaa nchi mwaka 1895 iliwarithi askari hao pamoja na kazi yao. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, kikosi cha polisi wa reli kiliundwa mwaka uliofuata, na mwaka 1906 ikatungwa sheria ya polisi ya himaya. Mwaka 1920 himaya ikawa koloni, na kikosi kikaitwa Polisi wa Kenya. Katika hatua zote hizo hapakuwa na chombo ambacho mwananchi wa kawaida angeweza kukiendea kumshtaki askari. Askari aliwajibika kwa afisa wake, afisa kwa gavana, na gavana kwa London.

Mwaka huohuo wa 1901 ulileta kodi ya nyumba. Mtu mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake kama ilivyo desturi katika jamii nyingi za bara, alitozwa mara tatu. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba, ili kijana asiyeoa naye asipone. Malipo yalitakiwa yawe rupia, na kwa watu wengi njia ya kupata rupia ilikuwa moja tu: kwenda kufanya kazi kwenye shamba la mlowezi. Kwa hiyo kodi ilijaza hazina na wakati huohuo ikajaza mashamba vibarua. Machifu waliikusanya wakiwa na askari pembeni, na mwaka 1929 askari hao wa machifu wakapewa sheria yao wenyewe, tofauti na ya polisi wa kawaida. Wananchi waliwaita askari kanga. Mwaka 1958 walibadilishwa jina wakawa Polisi wa Utawala, na hadi katiba ya 2010 Kenya ikaendelea kuwa na vikosi viwili, kila kimoja na mkubwa wake. Mwananchi aliyepigwa usiku mara nyingi hakujua hata alalamike kwa kikosi kipi.

Juu ya kodi kulikuwa na kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning’inizwa shingoni. Askari alikuwa na haki ya kumsimamisha yeyote njiani na kukidai. Desturi ya kusimamishwa barabarani na kuulizwa kitambulisho ilianza hapo. Kipande kilifutwa mwaka 1947, lakini desturi yenyewe ilibaki, na kijana wa Mathare au Likoni anaifahamu mpaka leo.

Mgongano wa kwanza mkubwa kati ya mlipa kodi na polisi ulitokea Nairobi mwezi Machi 1922. Kodi ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16, huku walowezi wakipanga kupunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi moja. Harry Thuku, karani aliyefanya kazi katika hazina ya serikali, alikuwa ameunda chama cha East African Association na kuzunguka akihutubia watu juu ya kodi, kipande na kazi za kulazimishwa za wanawake. Alikamatwa tarehe 14 Machi na kuzuiliwa katika kituo cha polisi cha Nairobi. Watu walianza kukusanyika nje. Siku ya pili yake walikuwa maelfu, na tarehe 16 wajumbe waliotumwa kwa serikali waliporudi bila jibu la maana na kuwataka watu watawanyike, mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwasuta wanaume kwa woga wao na kuwaongoza wenzake kuelekea kwenye malango. Askari walifyatua risasi. Serikali ilitaja watu 21 waliokufa, Nyanjiru akiwemo. Hesabu za Waafrika waliokuwapo zilikuwa kubwa zaidi. Kuna ushahidi kwamba baadhi ya walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Hoteli ya Norfolk, ng’ambo ya barabara, nao walipiga risasi.

Yaliyofuata yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu yalijirudia baadaye. Mwaka huohuo serikali ilishusha kodi kutoka shilingi 16 hadi 12. Thuku alipelekwa Kismayu bila kesi, akakaa kizuizini miaka minane. Ripoti iliandikwa na kupelekwa London. Hakuna askari wala mlowezi aliyehukumiwa kwa vifo vile. Kwa maneno mengine, serikali ilikubali kuzungumzia fedha lakini haikukubali kuzungumzia risasi.

Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilifungua mlango zaidi. Kanuni zake ziliruhusu kumzuia mtu bila kumfikisha mahakamani, kuhamisha vijiji vizima na kunyonga kwa makosa ambayo hapo awali hayakuwa ya kunyongwa. Askari wa akiba na walinzi wa vijiji walipewa silaha haraka kuliko walivyopewa mafunzo. Mwaka 1954 London ilimtuma Kanali Arthur Young, mkuu wa polisi wa City of London, awe kamishna na kurekebisha kikosi. Young alitaka jambo ambalo kwa mtu wa Uingereza lilionekana la kawaida: polisi wachunguze uhalifu unaofanywa na upande wa serikali kama wanavyochunguza uhalifu mwingine, bila kuomba ruhusa kwa watawala wa wilaya. Alikataliwa. Alijiuzulu kabla ya mwaka mmoja kuisha, na sababu alizoandika zikafichwa.

Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya Hola, kandokando ya Mto Tana, walipigwa marungu hadi kufa kwa kukataa kufanya kazi. Tangazo la kwanza la serikali lilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ulionyesha vinginevyo, na Bunge la Uingereza likajadili jambo hilo usiku kucha. Maelfu ya majalada ya wakati ule yaliondolewa Nairobi kabla ya uhuru na kufichwa Uingereza. Kuwapo kwake kulikubaliwa mwaka 2011 tu, wazee wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Walipaji walikuwa walipa kodi wa Uingereza wa karne ya 21, ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati wa Hola.

Katiba ya uhuru ya 1963 ilijaribu kuzuia polisi wasiwe mali ya mtu mmoja. Iliunda Tume ya Huduma ya Polisi na kugawa sehemu ya madaraka kwa majimbo. Mpango huo haukudumu. Kenya ilipokuwa jamhuri mwaka 1964, majimbo yalivunjwa, na katika marekebisho ya miaka iliyofuata uteuzi wa kamishna ukabaki mikononi mwa rais. Matokeo yalionekana upesi. Oktoba 1969, Kisumu, ziara ya Rais Kenyatta iligeuka vurugu na vikosi vya usalama vikapiga watu risasi; Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki, aliyekuwa mkosoaji mkubwa wa mgao wa ardhi na mali, alipatikana ameuawa katika milima ya Ngong. Mara ya mwisho alionekana akitoka Hoteli ya Hilton pamoja na Ben Gethi, mkuu wa kikosi cha polisi cha GSU. Kamati teule ya Bunge ilichunguza, ikaandika ripoti kali, na majina mawili ya watu wa karibu na rais yakaondolewa kabla haijawasilishwa. Bunge liliipitisha ripoti dhidi ya matakwa ya serikali, na hapo ndipo ilipoishia. Gethi baadaye alipandishwa akawa kamishna wa polisi.

Kwa anayetaka kuelewa uhusiano wa polisi na hesabu za serikali, hata hivyo, miaka muhimu kuliko yote ni 1986 na 1988. Mwaka 1986 Bunge la chama kimoja lilibadilisha katiba na kuondoa ulinzi wa kazi wa Mwanasheria Mkuu na wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kuanzia hapo rais aliweza kumfukuza mkaguzi wa fedha za umma bila kupitia jopo lolote. Mwaka 1988 likaja badiliko jingine: majaji nao wakapoteza ulinzi huo, na muda ambao polisi wangeweza kumshikilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa kabla ya kumfikisha mahakamani ukaongezwa kutoka saa 24 hadi siku 14. Mkaguzi, mwendesha mashtaka na jaji, watu watatu ambao wangeweza kuuliza swali, walinyamazishwa katika muda wa miaka miwili, na katika muda huohuo askari akaongezewa siku 13 za kuwa peke yake na mshukiwa. Sheria hizi zilipita Bungeni kwa haraka ya kushangaza. Ulinzi wa majaji, Mwanasheria Mkuu na mkaguzi ulirudishwa mwaka 1990, baada ya makelele ya ndani na ya wafadhili.

Kilichofanyika katika miaka hiyo kinajulikana kwa ushahidi wa waliopona. Chini ya Jumba la Nyayo, katikati ya Nairobi, jengo ambalo juu yake watu walipanga foleni ya pasipoti, kulikuwa na seli zisizo na mwanga. Waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, vuguvugu la siri la upinzani, waliletwa wakiwa wamefungwa macho. Seli zilijazwa maji, mtu akasimama ndani yake siku kadhaa akiwa uchi, kisha akapandishwa kwa lifti hadi orofa za juu kuhojiwa. Wengi walikiri walichoambiwa wakiri, na hakimu aliwahukumu jioni, baada ya saa za kazi, wakili hayupo.

Ukaguzi dhaifu nao ulizaa matunda yake. Kati ya 1991 na 1993 kampuni ya Goldenberg ililipwa mabilioni ya shilingi kama motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi, madini ambayo Kenya ilikuwa nayo kidogo mno au haikuwa nayo kabisa. Karani wa Benki Kuu, David Munyakei, aliona hati zilivyokaa vibaya na kuzifikisha kwa wabunge wa upinzani. Polisi waliingia kazini bila kuchelewa, ila waliyemkamata alikuwa karani. Alishtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali na kufutwa kazi. Kesi ikaanguka, lakini kazi hakurudishiwa.

Mapambano ya vyama vingi yalibadilisha sheria kidogo kidogo. Hadi mwaka 1997 mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali, na polisi waliuvunja ule usio na leseni kama walivyouvunja wa Kamukunji siku ya Saba Saba, 7 Julai 1990. Makubaliano ya vyama ya mwaka 1997 yaliigeuza leseni kuwa taarifa tu: mwandaaji anaarifu kituo cha polisi, haombi. Tofauti hiyo ni kubwa kwenye karatasi. Vituoni, maafisa wengi waliendelea kusema mkutano fulani “haujaruhusiwa”, na wanasema hivyo hadi leo.

Uchaguzi wa Desemba 2002 ulileta serikali ya Mwai Kibaki na wiki chache za ajabu. Abiria wa matatu waliwazuia madereva wasitoe kitu kidogo, na mahali pengine waliwazunguka askari wa trafiki hadi wakarudisha noti walizopokea. Hakuna sheria iliyokuwa imebadilika. Watu waliamini tu kwamba safari hii mwenye kulalamika atasikilizwa. Imani hiyo haikumaliza hata miaka miwili, na kilichoivunja kilikuwa tena mkutano wa fedha na polisi.

Mwaka 2004 wabunge walibaini mikataba ya Anglo Leasing. Ilikuwa 18, yenye thamani ya dola milioni 770 hivi, karibu yote katika sekta ya usalama, mahali ambapo neno “siri” hutosha kumrudisha mkaguzi mlangoni. Mmoja ulihusu mfumo wa pasipoti. Mwingine ulikuwa wa kujenga maabara ya kisayansi ya idara ya upelelezi. Kampuni iliyolipwa ilikuwa kampuni hewa: ilikuwa na anwani Uingereza, na zaidi ya anwani haikuonekana kuwa na kitu. John Githongo, katibu wa maadili katika Ikulu, aliyefuatilia suala hilo, alijiuzulu Februari 2005 akiwa Uingereza na kubaki huko. Fedha za maabara zilirudishwa kimyakimya na watu wasiojulikana. Mikataba mingine ilifikishwa katika mahakama za Ulaya, na mwaka 2014 Kenya ililipa takriban shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni mbili zenye uhusiano na kashfa hiyo, ili isizuiwe kuuza hatifungani zake za kwanza katika soko la kimataifa.

Hasara ya maabara ile haikuwa ya fedha peke yake. Maabara ya uchunguzi ndiyo inayoweza kulinganisha ganda la risasi na bunduki na kusema silaha iliyotumika ilitoka kwenye ghala la kituo gani. Maabara ya kisasa ya idara ya upelelezi ilizinduliwa mwaka 2022, miaka 18 baada ya kashfa. Katikati ya miaka hiyo walikufa kwa risasi watu wengi ambao risasi zao hazikulinganishwa na chochote.

Miongoni mwao walikuwa wahanga wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Tume ya Jaji Philip Waki, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133, na ikaonyesha kwamba 405 kati yake vilitokana na risasi. Mikuki, mapanga na moto vilikuwa vya raia; bunduki, kwa sehemu kubwa, zilikuwa za polisi. Tume ilipendekeza chombo huru cha kupokea malalamiko na kuunganishwa kwa vikosi viwili. Mwaka uliofuata jopokazi lililoongozwa na Jaji mstaafu Philip Ransley lilitoa mapendekezo zaidi ya 200, na lilifanya jambo ambalo tume nyingine hazikulijali sana: liliingia ndani ya kambi za polisi. Huko lilikuta familia mbili zikigawana chumba kimoja kwa pazia. Askari anayelala hivyo, akilipwa kidogo na kupandishwa cheo kwa kujuana, ni mtu asiye na sababu kubwa ya kuheshimu sheria inayomwambia asipokee chai. Hilo si udhuru wa kuua, lakini bajeti ya nyumba na mishahara ni sehemu ya uwajibikaji sawa na kifungu chochote cha adhabu.

Katiba ya 2010 ilikusanya mengi ya mapendekezo hayo. Vikosi viwili viliwekwa chini ya Inspekta Jenerali mmoja, anayetumikia kipindi kimoja cha miaka minne. Waziri anaweza kumpa maelekezo ya sera kwa maandishi tu, na haruhusiwi kumwambia amchunguze nani au amwache nani. Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi ilipewa ajira na nidhamu. Sheria ya mwaka 2011 ikaunda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, inayoongozwa na raia. Askari akiua au kujeruhi vibaya kwa silaha, sheria inamtaka mkubwa wake aiarifu IPOA na kulinda ushahidi.

Ugumu huanza pale sheria inapoishia. Mtu akipigwa risasi kwenye kona ya Kayole saa nne usiku, wa kwanza kufika ni polisi. Wao ndio wanaoandika tukio katika OB, kitabu cha kituo, na mara nyingi maelezo huwa kwamba marehemu alikuwa jambazi na kando yake ilipatikana bastola ya kujitengenezea. Rejista inayoonyesha nani alichukua bunduki gani siku hiyo iko kwenye kituo hichohicho. Maganda ya risasi huokotwa na wao. Silaha ikihitaji kupimwa hupelekwa kwa wataalamu wa idara ya upelelezi, ambao nao ni polisi. Mchunguzi wa IPOA hufika asubuhi, au baada ya wiki, akiwa na barua ya kuomba nakala za vitabu hivyo. Shahidi wake huishi mtaa uleule anaopiga doria mshukiwa. Sheria ya kuanzisha ofisi huru ya kuchunguza vifo vya ghafla ilipitishwa mwaka 2017, kisha ikakaa kabatini miaka mingi bila kupewa ofisi wala fedha.

Pamoja na hayo, kesi kadhaa zilifika mwisho. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwafunga maafisa wawili miaka 7 kwa kumuua bila kukusudia msichana wa miaka 14 katika nyumba ya jamaa zake huko Kwale, hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA. Miezi minne baadaye lilitokea tukio lililoonyesha gharama ya kulalamika. Mwendesha bodaboda aliyekuwa amempeleka askari IPOA kwa kumpiga risasi alitoka mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wa teksi. Hawakufika nyumbani. Walifungiwa katika kambi ya Polisi wa Utawala ya Syokimau, na kutoka ndani ya seli mmoja wao alirusha kipande cha karatasi ya choo chenye ujumbe wa kuomba msaada. Mpita njia alikiokota na kupiga simu. Miili yao ilipatikana mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Mawakili waligoma, kesi ikachukua miaka sita, na Julai 2022 askari watatu na mtoa habari wao walipatikana na hatia. Ni vigumu kusema kesi hiyo ingefika wapi kama aliyeuawa hangekuwa wakili.

Kulikuwa pia na zoezi la kuwasaili maafisa wote, lililoanza Desemba 2013. Likawa somo la hesabu. Maafisa wa trafiki walitakiwa waeleze taarifa zao za M-Pesa, na jopo likasoma mbele ya kamera jinsi fedha ndogondogo zilivyokusanywa barabarani na kupandishwa juu kwa wakubwa kwa utaratibu kama wa mchango wa kila wiki. Walioshindwa kueleza walifutwa kazi, na wengine wakarudishwa na mahakama. Ngazi za juu ziliguswa kidogo kuliko zile za chini.

Fedha za polisi zenyewe zilibaki chini ya Ofisi ya Rais hadi Septemba 2022, Rais William Ruto alipotia saini hati ya kumfanya Inspekta Jenerali awe msimamizi wa bajeti yake. Hatua hiyo ilisifiwa kuwa ya uhuru. Haikuchukua muda kabla Inspekta Jenerali na Tume ya Huduma ya Polisi hawajaanza kuvutana juu ya nani ashike orodha ya mishahara.

Juni 2024 kodi na risasi zilikutana tena, kwa mfano ulio karibu mno na ule wa 1922. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulilenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi, kwa mapendekezo kama kodi ya asilimia 16 juu ya mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana wasio na kiongozi wala chama waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha za nyumbani, wakalinganisha kodi mpya na safari, magari na ukarabati wa ofisi za wakubwa. Waliuchambua kuliko baadhi ya wabunge walioupigia kura. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia ndani ya majengo ya Bunge, na polisi wakapiga risasi. Siku iliyofuata rais alikataa kuutia saini. Hadi tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39, na baadaye idadi ikapita 60. Inspekta Jenerali alijiuzulu Julai. Vijana wengine walichukuliwa majumbani na watu waliovaa kiraia katika magari yasiyo na namba, na baadhi yao hawakuonekana kwa wiki kadhaa.

Mwaka uliofuata, Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay kwa maandishi ya mtandaoni dhidi ya mkubwa wa polisi, alisafirishwa hadi Nairobi na kufa katika kituo cha polisi cha Central. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Mpasuaji maiti alikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na alama mwili mzima. Kati ya maji ya Hola na ukuta wa Central ilikuwa imepita miaka 66. Tofauti ni kwamba safari hii IPOA ilikuwapo, maafisa wakashtakiwa katika muda wa wiki chache, na maelezo ya uongo hayakumaliza hata siku tatu.

Swali la nani alipe limebaki lilipokuwa. Julai 2010 Mahakama Kuu iliamuru serikali iwalipe fidia watu 21 walioteswa katika Jumba la Nyayo, na hukumu nyingine za namna hiyo zimefuata. Mshtakiwa katika kesi hizo ni Mwanasheria Mkuu, na fedha hutoka katika hazina ya taifa, pale zinapotoka. Walioshinda kesi wameendelea kupanga foleni wizarani wakiwa na hati za mahakama, na baadhi wamekufa kabla ya kulipwa. Askari aliyejaza maji kwenye seli hatozwi kitu. Agosti 2025 Rais Ruto alitangaza jopo la kupanga fidia kwa wahanga wa maandamano, na mara moja likapingwa mahakamani na waliosema kwamba kazi hiyo katiba imeipa Tume ya Haki za Kibinadamu, na kwamba fidia isiyotanguliwa na mashtaka ni njia nyingine ya kufunga faili.